Ndama mchanga anahara: bakteria hushika kwanza

Amezaliwa juzi akiwa mzima. Leo mkia umelowa kinyesi chepesi cha manjano, macho yamezama, na ukiivuta ngozi ya shingo inachelewa kurudi. Wengi hulaumu maziwa. Kwa ndama wa siku mbili tatu, mara nyingi ni bakteria aina ya E. koli.

Utumbo unasukuma kila kitu kwenda nje, kwa hiyo bakteria asiyejishikiza hutoka na kinyesi. E. koli hawa wana vinyweleo vyembamba mno, ambavyo hunasa kwenye vipokezi vilivyo juu ya seli za utumbo mwembamba. Vipokezi hivyo huwa vingi siku nne hivi za mwanzo, kisha hupungua. Ndiyo maana ndama wa wiki mbili akihara, tafuta sababu nyingine. Bakteria hao wakishanasa huzaana palepale na kutoa sumu inayofanya seli zimwage maji na chumvi. Ndani ya seli hata hawaingii, ila ndama hukauka na kufa. Bakteria wengine, Salmonela, ndio wanaopenya: huichoma seli, wakaifanya iwameze yenyewe, na hapo utaona homa na damu kwenye kinyesi.

Basi pigania zile saa za mwanzo. Kingamwili zilizo kwenye dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, huvifunika vile vinyweleo, bakteria akakosa pa kushika. Nyingine huingia kwenye damu ya ndama, lakini njia hiyo hupungua kila saa, na baada ya saa 24 imefungwa. Usisubiri kondo la nyuma litoke ndipo umnyonyeshe! Ndama wa kilo 30 apate lita 3 za dang'a, na aanze ndani ya saa mbili. Kabla hajanyonya, osha chuchu na uzikaushe. Chuchu yenye samadi humpa bakteria kabla ya kinga, na kosa hili naliona hata kwa wafugaji hodari.

Kitovu kichovye kwenye iodini mara tu anapozaliwa. Nacho ni mlango wa bakteria. Malalo yawe makavu.

Akishaanza kuhara, mtenge, mpe maji ya chumvi na glukosi yaliyotengenezwa kwa ajili ya ndama, na maziwa usimkatize. Antibiotiki aamue daktari wa mifugo. Akishindwa kusimama au kunyonya, mwite saa hiyohiyo, maana huyo anahitaji maji ya mshipani.