Somo: Chungu kimoja, walaji wa umri tofauti

Nyumba nyingi hupika mara moja, kisha kila mtu anapakuliwa kutoka chungu hichohicho. Hilo halina ubaya. Ubaya unakuja pale mtoto wa miezi 7, binti wa miaka 15 na bibi wa miaka 70 wanapopewa kitu kilekile na kutofautishwa kwa kiasi tu. Miili yao haidai vitu sawa. Mkipakua, fuateni hatua hizi.

Hatua ya 1: Toa cha mtoto kabla ya chumvi. Chumvi iingie mwisho. Aliye chini ya mwaka mmoja hahitaji kutiliwa chumvi kabisa. Wakubwa nao wasivuke gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha kuwemo kwenye mkate na vyakula vya makopo.

Hatua ya 2: Mtoto wa miezi 6 na kuendelea. Hapa tukae kidogo. Hadi miezi 6 maziwa ya mama peke yake yanamtosha, hata maji hahitaji. Baada ya hapo akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo huwa imepungua sana, na maziwa peke yake hayawezi kuziba pengo hilo. Wengi humpa uji mwepesi. Tumbo linajaa, lishe hakuna. Chota kijiko cha uji, kiinamishe: ukichuruzika kama chai, ni mwepesi mno. Unatakiwa ubaki kijikoni. Ponda humo yai lililoiva vizuri, maharage, samaki asiye na miiba au nyama iliyosagwa. Miezi 6 hadi 8 ale mara 2 hadi 3 kwa siku. Miezi 9 hadi 23, mara 3 hadi 4, huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Asali asilambishwe kabla ya mwaka mmoja, maana inaweza kuwa na vijidudu vya botulizimu ambavyo utumbo wake mchanga haujaweza kuvidhibiti. Karanga nzima zinapalia, zisage.

Hatua ya 3: Vijana. Binti aliyevunja ungo hupoteza damu kila mwezi, kwa hiyo anahitaji miligramu 15 hivi za madini ya chuma kwa siku, wakati kaka yake wa rika hilo anahitaji 11. Lakini kipande kikubwa cha nyama mara nyingi humwendea kaka. Naomba tuliache hilo. Wote wawili wapate maziwa, mtindi, au samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao, kwa sababu mifupa inajijenga kwa kasi katika miaka hii.

Hatua ya 4: Anayepanga kupata mimba. Vidonge vya asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku, vianze kabla ya mimba kutunga. Sehemu ya kiinitete inayokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga ndani ya wiki 4 hivi za mwanzo, wakati wengi hawajajua kuwa ni wajawazito.

Hatua ya 5: Watu wazima. Mboga na matunda gramu 400 kwa siku, vinywaji vya sukari vipungue, mwili utembee angalau dakika 150 kwa wiki.

Hatua ya 6: Wazee. Watu husema mzee anahitaji kula kidogo. Nguvu anazotumia zinapungua kweli, ila protini anahitaji zaidi, kwa sababu misuli inayeyuka. Kadiria gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito: mwenye kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72. Yai moja lina gramu 6 hivi, glasi ya maziwa 8. Kikombe cha chai na kipande cha mkate asubuhi havimfikishi popote. Kama meno hayapo, mpondee. Maji mpe bila kungoja aombe, kiu yake imefifia.

Maswali

*Swali: Mwanangu ana miezi 4, analia usiku. Nimwanzishie uji?*
Jibu: Hapana, mama. Kulia usiku si lazima iwe njaa. Angalia uzito kwenye kadi yake ya kliniki. Ukipanda vizuri na anakojoa mara kwa mara, maziwa yanamtosha. Usipopanda, mpeleke kliniki mapema.

*Swali: Binti yangu hula maharage na mboga za majani, lakini ana upungufu wa damu. Kwa nini?*
Jibu: Je, anashushia na chai? Chai huzuia madini ya chuma ya mimea yasifyonzwe vizuri. Isogeze mbele angalau saa moja baada ya kula, na pale mezani mpe chungwa au nyanya mbichi. Daktari naye atafute chanzo, hasa kama hedhi yake ni nzito.

*Swali: Shikamoo mwalimu. Mama ana kisukari na figo zinasumbua. Nimwongezee protini?*
Jibu: Marahaba. Usiongeze kwanza. Figo zikiwa dhaifu, kiasi cha protini hubadilika, na daktari wake ndiye atakayepanga. Usimpunguzie chakula ghafla pia kama anatumia insulini. Sukari inaweza kushuka hadi akazirai.