Somo: Machi ndiyo inayoua nyuki wetu, siyo Januari

Somo hili nawaandikia wenzangu tunaofuga nyuki kwenye theluji, hasa sisi wa Minnesota, Marekani, na majimbo ya jirani. Nimekulia Sikonge, Tabora, kwenye mizinga ya magome inayotundikwa mitini. Kule nyuki wakikosa chakula huhama. Unakuta mzinga mtupu, na maua yakirudi kundi jingine linaingia. Huku hawana pa kuhamia. Kilichomo ndani ya mzinga ndicho kitakachowavusha, kwa hiyo jukumu la kuwavusha ni letu.

Mwaka wangu wa kwanza nilipoteza kundi katikati ya Machi. Januari nililisikia likivuma, nikaona tumeshavuka. Nilipofungua nilikuta nyuki wamekufa vichwa vimezama ndani ya vitundu vya sega, mikia imebaki nje. Hiyo ni alama ya njaa. Kilichoniuma zaidi ni fremu mbili za pembeni (fremu ni viunzi vya mbao vinavyoshika masega), zimejaa asali. Baridi iliwazuia kusogea hata hapo.

Sababu yake ni hii. Katikati ya majira ya baridi malkia hutaga kidogo sana au hatagi kabisa, na nyuki hujibana wakawa tonge moja, wakitetemesha misuli ili wapate joto. Wakati huo hawali sana. Kuanzia mwishoni mwa Januari na Februari malkia anarudi kutaga, na majana, yaani watoto wa nyuki walio kwenye vitundu, yanataka joto la nyuzi 33 hadi 36 za Selsiasi usiku na mchana, hata nje pakiwa chini ya sifuri. Joto hilo linatoka kwenye asali. Akiba iliyokuwa ikipungua taratibu tangu Novemba sasa inakwisha kwa kasi, na maua bado.

Hatua ya kwanza: nyanyua mzinga. Huhitaji kufungua. Shika upande wa nyuma, chini, uinue kidogo tu. Fremu kubwa ya Langstroth (mzinga wa masanduku wenye fremu za kutolewa) iliyojaa asali pande zote mbili ina uzito wa karibu kilo 3, kwa hiyo mkono utakuambia. Kama hujazoea, inua kwanza mzinga mtupu ulionao stoo, kisha huu wenye nyuki. Rudia kila wiki, Februari yote, Machi yote, mpaka Aprili. Ukiona mwepesi, usingoje Jumamosi, wape sukari kama ilivyo kwenye hatua ya tatu.

Hatua ya pili: mlango. Chukua waya uliopinda, ondoa nyuki waliokufa walioziba mlango. Kuwakuta wafu kadhaa ni kawaida, wale ni wazee walioishi tangu vuli. Angalia pia kama maji yanadondoka kutoka kwenye mfuniko. Nyuki mkavu huvumilia baridi kali, lakini akilowa hafiki asubuhi. Tundu dogo la hewa juu ya mzinga husaidia.

Hatua ya tatu: sukari kavu. Hapa msiwe na haraka ya kutengeneza shira. Kwenye baridi shira huwaongezea unyevu, na wao hawawezi kuikausha. Chagua mchana usio na upepo. Ondoa mfuniko, tandika karatasi ya gazeti moja kwa moja juu ya fremu, juu ya lile tonge, ukiacha nafasi pembeni wapate kupanda. Mwaga sukari nyeupe kilo 2 hivi, inyunyizie maji kidogo ishikane, zungushia kiunzi kitupu cha mbao chenye kimo cha sentimita 5 au 7, funika. Kazi hiyo isizidi dakika mbili. Fremu zenye majana usiziguse.

Hatua ya nne: subiri nyuzi 10. Siku ya kwanza yenye joto hilo utaona nyuki wanaruka na theluji inapata madoa ya manjano. Wametoka kujisaidia baada ya kujizuia kwa wiki nyingi, hilo ni jambo jema. Madoa yakiwa mengi ndani ya mzinga na mbele ya mlango, hapo fikiria ugonjwa wa tumbo.

Hatua ya tano: ukaguzi wa haraka. Joto likifika nyuzi 15 na kuna jua, toa fremu moja au mbili za katikati. Tafuta mayai, siyo malkia. Mayai yakiwepo, alikuwepo juzi. Safisha ubao wa chini. Miti ya maple na mierebi ikianza kuleta chavua na mchana hauteremki chini ya nyuzi 10, sasa wape shira ya sukari na maji sawa kwa sawa, kama mzinga bado ni mwepesi.

MASWALI YA WANACHAMA

*Dada wa Des Moines: Nina sukari guru na asali ya dukani. Naweza kuwapa?*
Hapana, dada yangu, vyote viwili. Sukari guru na sukari ya kahawia zina mabaki yanayowaharisha, na msimu huu hawawezi kutoka nje kila wanapotaka. Asali usiyoijua ilikotoka inaweza kubeba vijidudu vya ugonjwa wa kuoza majana. Wape sukari nyeupe tu.

*Kaka wa Fargo: Keki za chavua niweke lini?*
Mimi huweka mwishoni mwa Machi, siyo kabla. Ukiwahi, malkia ataongeza kutaga, kisha baridi ikirudi nyuki wachache watashindwa kuyafunika majana yote. Ukianza kuwapa, usikatishe.

*Mwanachama wa St. Cloud: Na varoa, wale utitiri wa nyuki?*
Aprili, mara fremu zinapofunguka vizuri, chukua nusu kikombe cha nyuki kutoka kwenye majana, ambao ni kama 300, uwaoshe kwa spiriti uhesabu utitiri. Hakikisha malkia hayumo. Wengi wetu tunatibu ukifika 2 au 3 kwa kila nyuki 100. Soma kibandiko cha dawa, maana nyingine zina kiwango chake cha joto.

*Mama wa Rochester: Kundi langu limekufa. Fremu nizitupe?*
Pole sana, mama. Ziba mlango leo, nyuki wa jirani wasije kuiba asali na kubeba ugonjwa. Kama kuna majana yaliyooza, chokoa moja kwa njiti ya kiberiti. Yakivutika kama uzi, shuku ule ugonjwa wa kuoza majana: usitumie kitu chochote cha mzinga huo, mwite mkaguzi wa nyuki wa jimbo. Kama ni njaa tu, fagia wafu, tunza fremu pakavu. Kundi jipya la Aprili litazifurahia, limekuta masega tayari.

*Kaka wa Singida: Sisi hatuna theluji. Kuna letu hapa?*
Lipo, kaka. Kiangazi ndicho Machi yenu. Unaporina, acha masega kadhaa ya asali, na weka maji karibu na mizinga, yenye vijiti vya kutulia wasizame.