Namna ya Kumuuguza Mwenye Maumivu Nyumbani kwa Kuifuata Njia ya Neva

Anayeuguza nyumbani hukutana na maumivu kabla ya daktari. Mtoto amemwagikiwa na chai, baba mgongo umemkaba, shangazi mwenye kisukari halali usiku kwa sababu nyayo zinamwaka moto, na mara nyingi wote watatu hupewa kidonge kilekile kilichobaki kwenye droo. Mwongozo huu unapendekeza utaratibu mwingine. Kabla ya kutoa dawa yoyote, jiulize habari ya maumivu hayo inaanzia wapi na inapitia wapi kuelekea ubongoni, kwa kuwa njia hiyo ina vituo vinne, yaani ncha za neva, neva zenyewe, ugwe uliomo ndani ya uti wa mgongo, na ubongo, na kila kituo kina dawa zake na mikono yake.

Anza na daftari. Andika saa maumivu yalipoanza, mahali yalipo na yanapoelekea, kinachoyazidisha na kinachoyatuliza, kisha mwombe mgonjwa ayape namba kutoka 0, ambapo hakuna maumivu kabisa, hadi 10, ambapo hawezi kufikiria mabaya zaidi. Muhimu kuliko namba ni neno analolitumia mwenyewe. Usimpe neno wewe. Yanayopwita, yanayonyonga, yanayochoma, yanayokata na yanayotambaa kama siafu si maumivu ya namna moja, na Kiswahili kimejaaliwa maneno haya kwa wingi wa kumfaa sana mganga, ilimradi uyaandike kama yalivyosemwa.

Kituo cha kwanza: ncha za neva

Katika ngozi, misuli, viungo na ogani nyingi za ndani zimetandazwa ncha nyembamba za neva ambazo kazi yake ni kunusa hatari. Mwingereza Charles Sherrington ndiye aliyezipa jina la kitaalamu mwaka 1906, na jina hilo linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya kudhuru, wala si kuuma, tofauti ambayo inafaa kukumbukwa. Ncha hizo hazipokei maumivu. Zinapokea joto kali, mgandamizo mkubwa au kemikali, na ubongo ndio unaoamua baadaye kwamba jambo hilo linauma. Kipokezi kimojawapo, yaani mlango mdogo ulio kwenye ncha hizo, hufunguka joto linapofika nyuzi 43 za Selsiasi hivi, na hicho hicho hufunguliwa na kemikali iliyomo ndani ya pilipili, ndiyo maana mtu aliyetafuna pilipili kichaa husema mdomo unawaka ilhali hakuna moto wowote. David Julius na wenzake walikitambua kipokezi hicho nchini Marekani mwaka 1997, na kazi hiyo ikamletea sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021.

Seli zilizojeruhiwa humwaga kemikali zinazozifanya ncha hizi kuwa nyepesi kushtuka, na zilizo maarufu miongoni mwake ni prostaglandini. Baada ya hapo hata joto la kawaida la mwili au mguso wa shuka hutosha kuziamsha. Kwa hiyo katika kituo hiki kazi yako ni mbili: kupunguza madhara yanayoendelea, na kupunguza kemikali hizo.

Kwa mtoto aliyeungua, mwagia sehemu hiyo maji safi ya baridi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, na ufanye hivyo mara moja, ingawa hata mtu akichelewa kwa saa moja au mbili bado maji yanafaa. Vua nguo na pete zilizo karibu, isipokuwa kitambaa kilichogandamana na ngozi. Barafu haifai kwa kuwa hudhuru zaidi ngozi iliyokwisha kuumia, na dawa ya meno, unga, yai na mafuta ya kupikia humpa kazi nesi atakayelazimika kuvikwangua. Baada ya hapo funika kwa kitambaa safi kisichogandamana na kidonda. Kama jeraha la moto limeenea zaidi ya ukubwa wa kiganja cha mtoto mwenyewe, au lipo usoni, mikononi au sehemu za siri, nendeni hospitali.

Ibuprofeni na diklofenaki hufanya kazi hapa hapa, kwa kukizuia kimeng'enya kinachotengeneza prostaglandini. John Vane alieleza mwaka 1971 kuwa aspirini hufanya vivyo hivyo. Zinafaa basi panapokuwa na uvimbe, joto na wekundu: kifundo kilichoteguka, jino lililovimba, maumivu ya hedhi. Dawa hizi haziondoi prostaglandini zilizokwisha kumwagwa, bali huzuia mpya zisitengenezwe, na kwa sababu hiyo mtu aliyeandikiwa azimeze kwa saa zilizopangwa asingoje mpaka alie. Zimezwe na chakula. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo na mjamzito asizitumie bila ushauri wa mtaalamu, na aspirini asipewe mtoto kwa ajili ya homa. Tabia ya kuchomwa sindano ya diklofenaki kila mgongo unapouma naiona ni ya hatari kuliko watu wanavyodhani, maana figo hazijui kama dawa imeingia kwa sindano au kwa kinywa.

Kituo cha pili: neva zenyewe

Ukijikwaa kidole cha mguu usiku gizani, angalia kinachotokea. Kwanza huja mchomo mkali unaojulikana mahali ulipo, kisha, baada ya kitambo ambacho unaweza hata kuvuta pumzi na kusema "Aa, sasa itauma," huja maumivu mazito yanayosambaa. Ni habari mbili zilizosafiri kwenye nyuzi mbili tofauti. Nyuzi zilizovikwa utando wa mafuta hupeleka ule mchomo wa kwanza kwa mwendo wa mita 5 hadi 30 kwa sekunde, na zile nyembamba zisizo na utando hupeleka maumivu ya pili kwa mwendo wa nusu mita hadi mita 2 tu kwa sekunde, ambao ni mwendo wa mtu anayetembea. Dawa ya ganzi anayoitumia daktari wa meno hufunga milango ya sodiamu, yaani chumvi ambayo kwayo habari husafiri, kwenye nyuzi hizo, na habari inakwama njiani ingawa jino limeng'olewa.

Kwa mwuguzaji, jambo zito katika kituo hiki ni kutambua pale ambapo waya wenyewe ndio ulioharibika. Shangazi mwenye kisukari hana kidonda mguuni. Neva zake ndizo zinazopiga kelele bila kuguswa. Maneno yake yatakuambia: nyayo zinawaka, kama shoti ya umeme, kama sindano, kama siafu, na katikati ya hayo yote kuna ganzi. Mtu aliyeugua mkanda wa jeshi naye anaweza kubaki na maumivu ya aina hiyo miezi mingi baada ya malengelenge kukauka, na baadhi ya wanaoishi na virusi vya UKIMWI huyapata kwenye miguu. Ibuprofeni haisaidii sana hapa. Mpeleke kliniki na daftari lako, na msishangae mkiandikiwa amitriptilini, ambayo ni dawa ya zamani ya sonona, au dawa ya kifafa kama gabapentini. Haina maana kwamba daktari amemwona mgonjwa wenu ana wazimu au kifafa. Dawa hizo hutuliza neva zinazofyatua habari ovyo, na huchukua majuma kadhaa kabla ya kuonyesha faida. Kila jioni kagua nyayo zake kwa macho na kwa mkono, kwa sababu mguu wenye ganzi unaweza kukanyaga msumari usijue.

Kituo cha tatu: ugwe wa mgongo

Neva za maumivu huingia kwenye ugwe wa mgongo na kukabidhi habari kwa seli nyingine, ambazo nyuzi zake huvuka upande wa pili na kupanda ubongoni. Makabidhiano hayo si ya moja kwa moja. Mwaka 1965 watafiti Ronald Melzack na Patrick Wall walipendekeza kwamba hapo pana kitu kama lango, na kwamba nyuzi nene za mguso zikileta habari nyingi kwa wakati uleule, huamsha seli zinazolipunguza upana lango hilo. Sehemu fulani za maelezo yao zimerekebishwa tangu wakati huo, lakini wazo lenyewe limebaki, na bibi zetu waliokuwa wakikanda mgongo kwa kitambaa cha maji ya moto walikuwa wakilitumia kabla halijaandikwa.

Ukitaka kukanda, anza pembeni ya mahali panapouma, kwa kiganja kizima, taratibu na kwa mwendo usiobadilika, ukikaribia kidogo kidogo kadiri mgonjwa anavyolegea. Jaribu maji kwa kiwiko chako kwanza. Mwenye selimundu apewe joto na maji mengi ya kunywa, kamwe si barafu, kwa kuwa baridi inaweza kumzidishia; na maumivu yake yakiwa makali au yakifuatana na homa au shida ya kupumua, ni ya hospitali. Usikande mfupa uliovunjika, kidonda, wala mguu mmoja uliovimba ghafla kwenye shavu lake, maana huenda ndani mna damu iliyoganda.

Katika kituo hicho hicho ndipo ubongo hudanganyika. Neva za ogani za ndani huingia kwenye ugwe mahali pamoja na neva za ngozi na misuli, na ubongo, uliozoea kupokea habari za ngozi, hubandika maumivu mahali pasipo pake. Ndiyo sababu shida ya moyo huweza kuuma bega la kushoto, mkono au taya. Mtu mzima mwenye kifua kinachobana, jasho la ghafla na mkono unaouma hapaswi kukandwa na mtu yeyote, atafutiwe gari.

Kuna jambo jingine ambalo lingepaswa kuzifuta kauli nyingi za kumwambia mgonjwa avumilie. Seli za ugwe zinazopigwa na habari za maumivu mfululizo huongeza usikivu wake, jambo ambalo mtafiti Clifford Woolf alilionyesha mwaka 1983, na baada ya muda hata mguso mwepesi hupita kama maumivu. Maumivu makali yasiyotibiwa, kwa hiyo, huweza kujijengea njia ya kudumu. Kumpunguzia mtu maumivu mapema ni tiba kamili.

Kituo cha nne: ubongo, na njia ya kushuka

Ubongo hauna kona moja ya maumivu. Habari hupita thalamasi, sehemu iliyo katikati ya ubongo, na kugawanywa: sehemu moja inatambua mahali na ukali, nyingine inashughulikia uchungu na hofu yake. Daktari Henry Beecher, aliyewahudumia askari wa Marekani huko Anzio, Italia, mwaka 1944, alishangaa kuona wengi wenye majeraha makubwa hawaombi dawa, kwa kuwa jeraha kwao lilimaanisha kuondoka vitani wakiwa hai. Sasa inajulikana kwamba kutoka katikati ya ubongo kuna njia inayoshuka hadi kwenye lile lango la ugwe, ikitumia kemikali zinazofanana na mofini, dawa kali ya maumivu, ambazo mwili hujitengenezea, na za kwanza kati ya hizo zilitambuliwa Aberdeen, Uskoti, mwaka 1975. Njia hiyo hiyo ikitawaliwa na hofu na kukosa usingizi inaweza pia kuyaongeza maumivu.

Unapokwenda kusafisha kidonda cha mtoto, basi, usimwambie haitauma. Mwambie itauma kidogo, utahesabu naye mpaka kumi kisha mtapumzika, na utimize ahadi hiyo, kwani akidanganywa mara moja hofu yake itafika kabla ya pamba. Mpe kitu cha kushika. Kwa mtu mzima, mweleze kila unachotaka kufanya, mlinde usingizi wake, na redio au mgeni mcheshi awepo saa ngumu. Parasetamoli, ambayo hufanya kazi zaidi katika ubongo na ugwe kuliko kwenye kidonda, isizidi gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, ukihesabu pia ile iliyofichwa ndani ya dawa za mafua.

Kwa maumivu makali ya saratani, dawa ni mofini ya maji, inayozishika vipokezi vya zile kemikali za mwili wenyewe. Uganda imekuwa mfano katika hili: Hospice Africa Uganda, shirika la kuwatunza wagonjwa wenye magonjwa yasiyopona, ilianzishwa na Anne Merriman mwaka 1993, na tangu mwaka 2004 wauguzi waliopata mafunzo maalumu wameruhusiwa kisheria kuiandika. Familia nyingi huiogopa, zikidhani ni dawa ya kumuaga mgonjwa. Ikitolewa kwa kipimo kilichoandikwa, kwa kawaida kila baada ya saa 4, humwezesha mtu kula, kulala na kuzungumza na wanawe. Hufunga choo karibu kwa kila anayeitumia, kwa hiyo ombeni dawa ya kulainisha choo siku ile ile mnapoichukua. Chupa ifungiwe kabatini mbali na watoto, kila dozi iandikwe kwenye daftari, na mgonjwa akianza kusinzia asiamshike, au pumzi yake ikipungua isivyo kawaida, msimpe dozi inayofuata. Mpigieni simu mara moja aliyeiandika, na kama hapatikani, mkimbizeni hospitali.