Somo: Namna ya kumfuatilia mchekeshaji msaidizi katika vipindi vya zamani vya redio ya Marekani, kwa mfano wa Mel Blanc

Wengi wanaolijua jina la Mel Blanc wanalijua kwa ajili ya katuni, kwa sababu ndiye aliyewapa sauti Bugs Bunny, Daffy Duck na wengine wengi. Hata hivyo, alikuwa mtu wa redio kabla hajawa mtu wa katuni, na katika miaka ya 1940 alisikika kwenye vipindi vingi vya burudani mchanganyiko vilivyorushwa kutoka Los Angeles. Aliingia kwa dakika mbili akiwa kasuku, mtangazaji wa stesheni ya treni au motokaa mbovu inayokataa kuwaka, kisha akaondoka, na mara nyingi msikilizaji hakuambiwa ni nani aliyemchekesha. Hapo ndipo ugumu wa kazi yetu, yaani kuorodhesha kila kipindi alichosikika, ulipo. Orodha za zamani ziliandikwa kwa ajili ya nyota wa kipindi, mdhamini na mwimbaji mgeni, si kwa ajili ya mtu wa dakika mbili, kwa hiyo anayeanza kwa kutafuta jina la msaidizi atapata machache na atadhani kwamba ameyapata yote. Somo hili linafuata njia nyingine: tafuta kwanza kipindi na siku yake, ndipo umtafute mtu ndani yake, na kila unapomwandika useme umemjuaje.

Hatua ya kwanza: weka mipaka ya maisha yake ya kazi

Kabla ya kusikiliza chochote, andika ukurasa mmoja wa tarehe na mahali. Mel Blanc alizaliwa San Francisco mwaka 1908, akakulia Portland, Oregon, na jina la ukoo wake liliandikwa Blank kabla hajalibadilisha. Mwaka 1927 alianza kusikika katika kituo cha KGW cha Portland, kwenye kipindi cha The Hoot Owls. Mwaka 1933 yeye na mkewe Estelle walianza kuendesha kipindi chao katika kituo cha KEX cha mji huohuo, na mwaka 1935 wakahamia Los Angeles, ambako alifanya kazi katika kituo cha KFWB. Katika kipindi cha Jack Benny, mchekeshaji nyota wa redio, alianza kusikika mwaka 1939, akimwigiza Carmichael, dubu wa Benny, ambaye kazi yake yote ilikuwa kunguruma.

Ukurasa huo utakuokoa mara nyingi. Ukikuta faili la rekodi linalodai kwamba alikuwa Hollywood mwaka 1934, utajua kwamba kuna kosa mahali fulani. Vilevile utajua kwamba magazeti ya Portland yanaweza kuwa na habari zake ambazo magazeti ya New York hayakuzijali, na kwamba jina lazima litafutwe kwa tahajia zote mbili.

Hatua ya pili: orodhesha vipindi, pamoja na wadhamini wao

Sasa tengeneza orodha ya vipindi ambavyo inajulikana kwa uhakika kwamba alishiriki. Kwa Blanc, orodha inaanza na The Jack Benny Program. Inafuata Burns and Allen, ambako alikuwa tarishi aliyeitwa mwenye furaha ingawa sauti yake ilikuwa ya mtu anayekaribia kulia. Kisha The Judy Canova Show, iliyoanza mwaka 1943, ambako alikuwa Pedro. Kisha kipindi cha Abbott na Costello. Usivisahau vipindi vya askari: katika G.I. Journal, kilichotengenezwa na redio ya majeshi ya Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, alikuwa askari wa kawaida aitwaye Sad Sack. Mwisho ni kipindi chake mwenyewe, The Mel Blanc Show, kilichorushwa na CBS kuanzia mwaka 1946 hadi 1947, ambacho tutakihitaji sana tutakapofika kwenye kusikiliza.

Kando ya kila kipindi andika mtandao uliokirusha (yaani kundi la vituo vya redio vilivyorusha vipindi kwa pamoja, kama NBC, CBS au ABC), siku, saa na mdhamini. Katika redio ya Marekani ya wakati ule mdhamini aliununua muda wote wa kipindi na jina la bidhaa yake likasikika tangu salamu za mwanzo, kwa hiyo tangazo la biashara ni kipimo kizuri cha tarehe. Benny alidhaminiwa na Jell-O kuanzia mwaka 1934 hadi 1942, kisha na Grape-Nuts Flakes, na kuanzia Oktoba 1944 na sigara za Lucky Strike. Alikuwa NBC hadi mwisho wa mwaka 1948, akahamia CBS tarehe 2 Januari 1949. Mtu anayeyajua haya manne anaweza kugundua tarehe ya uongo ndani ya dakika ya kwanza ya kusikiliza.

Hatua ya tatu: soma magazeti ya wakati huo

Magazeti ya biashara ya redio kama Variety, Broadcasting na Radio Daily, pamoja na yale ya wasikilizaji kama Radio Mirror, yamepigwa picha kwa wingi na yanasomwa bure kwenye intaneti, hasa kupitia Media History Digital Library, ambayo ina mtambo wa kutafuta neno ndani ya kurasa. Kumbuka kwamba maandishi hayo yalisomwa na kompyuta kutoka kwenye karatasi kuukuu, na herufi c huweza kusomwa kuwa e. Tafuta Blanc, Blank, Blane na hata Melvin. Tafuta pia majina ya wahusika, kwa sababu mwandishi wa habari aliyeupenda mzaha wa tarishi aliweza kumtaja tarishi bila kumtaja mwigizaji.

Ratiba iliyochapishwa inaonyesha kilichokusudiwa, si lazima kilichorushwa. Rais Roosevelt alipofariki tarehe 12 Aprili 1945, mitandao ya redio iliondoa vipindi vya burudani kwa siku kadhaa, ilhali ratiba zilikuwa zimekwisha kuchapishwa. Anayenakili ratiba za wiki hiyo bila kuuliza atawaandika watu kuwa walichekesha wakati redio ilikuwa ikiomboleza.

Hatua ya nne: zijue rekodi zenyewe zilivyotengenezwa

Hapa nawasihi msiwe na haraka, kwa sababu makosa mengi ninayoyaona katika orodha yanatokana na kutoijua santuri. Vipindi hivi vilirushwa moja kwa moja, na kwa miaka mingi NBC na CBS hazikutaka vipindi vilivyorekodiwa katika mitandao yao. Rekodi zilizobaki zilitengenezwa kwa ajili ya kumbukumbu ya mtandao, ya mdhamini au ya nyota mwenyewe, kwenye santuri pana za inchi 16, ambazo kila upande ulibeba takriban dakika 15. Kipindi cha nusu saa kilihitaji pande mbili, na upande mmoja ukipotea au ukivunjika tunabaki na nusu ya kipindi. Ukisikiliza nusu hiyo na usimsikie Blanc, huna haki ya kuandika kwamba hakuwapo.

Jambo la pili ni kwamba vipindi vingi vya wakati huo vilirushwa mara mbili siku hiyohiyo: mara moja kwa ajili ya majimbo ya mashariki, na mara nyingine, saa kadhaa baadaye, kwa ajili ya pwani ya magharibi. Waigizaji walirudi mbele ya maikrofoni na kukifanya kipindi chote upya. Kwa hiyo faili mbili za tarehe moja zinaweza kuwa maonyesho mawili tofauti, na mzaha uliokwenda vibaya katika la kwanza unaweza kuwa umerekebishwa katika la pili.

Tatu ni santuri za redio ya majeshi, iliyoanzishwa mwaka 1942. Idara hiyo iliondoa matangazo ya biashara, ikaziba mapengo kwa muziki au vipande vingine, kisha ikazisambaza santuri kwa vituo vya askari ng'ambo. Namba iliyoandikwa juu ya santuri ya majeshi ni namba ya mfululizo wao, wala haitokani na tarehe ya kipindi cha asili. Mtu asiyelijua hili humhesabu Blanc mara mbili kwa kazi moja.

Kuanzia Oktoba 1946, mwimbaji Bing Crosby alipoanza kurusha kipindi chake kupitia ABC kikiwa kimerekodiwa mapema, desturi ilianza kubadilika. Kwa miaka inayofuata weka nafasi ya tarehe mbili katika jedwali utakalolijaza katika hatua ya saba: siku ya kurekodi na siku ya kurusha.

Rekodi zenyewe utazipata kwa wingi katika Internet Archive, na mikusanyo iliyopangwa na Old Time Radio Researchers Group ndiyo ninayoiamini zaidi, kwa kuwa wanachama wake hujitahidi kurekebisha tarehe. Katalogi ya RadioGOLDINdex, iliyojengwa na J. David Goldin kutokana na mkusanyo wake mwenyewe, inakuruhusu kutafuta kwa jina la msanii, na inataja wasaidizi wengi ambao katalogi nyingine huwaacha.

Hatua ya tano: sikiliza, lakini usiliamini sikio peke yake

Sikiliza kila kipindi mara mbili. Mara ya kwanza kisikilize chote bila kuandika, ili ujue mzaha unakwenda wapi. Mara ya pili andika dakika na sekunde ambapo sauti inaingia, jina la mhusika, maneno machache ya mwanzo, na kama kuna mtu anayemwita mwigizaji kwa jina lake halisi.

Kisha linganisha na kielelezo. Kielelezo bora ni The Mel Blanc Show, kwa kuwa humo jina lake linatangazwa na yeye mwenyewe anasikika kwa sauti yake ya kawaida, halafu kwa sauti ya Zookie, msaidizi wake katika duka la kutengeneza vitu vilivyoharibika. Ukizizoea sauti hizo, utaanza kusikia namna anavyovuta pumzi na kuzikata silabi hata anapojificha ndani ya sauti nyingine. Mfano mzuri ni mtangazaji wa treni katika kipindi cha Benny, anayezitaja Anaheim, Azusa na Cucamonga, na ambaye baadaye alilikata katikati jina la mwisho na kuwaacha watu wangoje kwa muda mrefu kabla ya kulimaliza.

Mhusika kurudi si ushahidi kwamba mwigizaji amerudi. Wapokea simu wawili wa Benny, Mabel na Gertrude, waliigizwa na Sara Berner na Bea Benaderet. Baadaye Shirley Mitchell alichukua nafasi ya Berner, na Mabel akabaki Mabel.

Hatua ya sita: omba kuona miswada

Mswada wa kipindi, yaani maandishi ambayo waigizaji waliyasoma mbele ya maikrofoni, mara nyingi ndio ushahidi wenye uzito kuliko wote, hasa ukiwa na masahihisho ya kalamu na majina ya waigizaji pembeni. Nyaraka za Jack Benny zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na nyingine katika American Heritage Center ya Chuo Kikuu cha Wyoming. Unapomwandikia mtunza nyaraka, taja kipindi kimoja, tarehe moja na swali moja. Barua inayouliza habari zote za Mel Blanc haijibiki. Barua inayouliza kama jina lake limo katika mswada wa Jumapili fulani inajibika.

Hatua ya saba: jaza jedwali kwa viwango vya uhakika

Ninatumia maneno matatu. Imethibitishwa: jina limo katika mswada au limetajwa hewani. Inaelekea: gazeti la wakati huo linamtaja, au wasikilizaji wawili waliofanya kazi kila mmoja peke yake wamemtambua. Inadaiwa: orodha ya baadaye inasema hivyo bila kuonyesha chanzo. Kiwango kisipande kwa sababu tu dai limenakiliwa katika tovuti nyingi.

Maswali ya wanachama wanaolifuata somo hili

Mwanachama, Mombasa: Shikamoo mwalimu. Nina faili lililoandikwa mwaka 1943, lakini nasikia tangazo la Lucky Strike. Je, nilitupe?

Marahaba. Usilitupe, na wala usibadilishe tarehe mpaka umejua ni kipindi cha nani. Kikiwa cha Benny, tarehe si sahihi, kwa maana Lucky Strike ilimdhamini kuanzia Oktoba 1944. Lakini kampuni hiyohiyo ilidhamini vipindi vingine mapema zaidi, kikiwamo cha Kay Kyser, na kwa kipindi hicho mwaka 1943 hauna tatizo lolote.

Mwanachama, Maskati: Assalamu alaykum, ustadh. Pedro wa Judy Canova ni mzaha juu ya lafudhi ya Wameksiko, na sioni raha kuuandika. Inafaa nimwachie nafasi wazi?

Wa alaykumu ssalaam. Ninaielewa hisia yako, na mimi naona kwamba mzaha huo uliwadhalilisha watu. Hata hivyo muandike, pamoja na maneno aliyoyatumia. Vipindi vingi vya wakati huo vilitegemea lafudhi za wahamiaji na za watu weusi, na tukiziondoa tutakuwa tumetengeneza redio safi kuliko ile iliyokuwapo. Katika safu ya maelezo unaweza kusema wazi mzaha ulikuwa juu ya nani.

Mwanachama, Toronto: Nitapita Washington mwezi ujao. Je, naweza kusikiliza santuri za NBC katika Library of Congress?

Ndiyo, maktaba hiyo inao mkusanyo mkubwa wa NBC. Chumba cha kusikilizia kiko katika jengo la James Madison, na kinaitwa Recorded Sound Research Center. Waandikie mapema na uwapelekee tarehe za vipindi unavyovitaka, kwa sababu rekodi huhitaji kutayarishwa. Panga kusikiliza vichache kwa makini, na uchague vile ambavyo havipatikani kwenye intaneti.

Mwanachama, Dar es Salaam: Mwalimu, nimepata habari katika Radio Daily kwamba atashiriki katika kipindi fulani, ila rekodi yake haipo popote. Niandike nini?

Andika tarehe ya gazeti, ukurasa, na maneno yenyewe kama yalivyochapishwa, kisha weka kiwango cha "inaelekea". Kwa kuwa habari hiyo ilitolewa kabla ya kipindi, tafuta pia toleo la siku chache baadaye, maana huenda lina tahakiki inayomtaja. Safu za dakika na mhusika ziache tupu. Usizijaze kwa kukisia kutoka kipindi cha wiki iliyotangulia, hata kama mhusika alikuwa akirudi kila wiki. Santuri ikipatikana siku moja, atakayeisikiliza ataona mara moja kwamba nafasi hizo bado zinamngoja.