Wasifu wa bibi wa watoto kumi na mmoja

Bibi alipofariki kule Marangu, baba mkubwa alinikabidhi kalamu niandike wasifu wake wa kusomwa mazikoni, kwa sababu tu nafanya kazi ya ofisi. Nilikuwa na siku tatu. Kama na wewe umepewa kazi hiyo, usianzie kwenye karatasi. Anzia jikoni, kwa akina mama wanaomenya ndizi. Kule kwenye turubai wazee watakutajia vyeo vya watoto, basi.

Mwaka wa kuzaliwa utakusumbua. Pitia ofisi ya usharika uombe kitabu cha ubatizo. Usipopata kitu, uliza kwa matukio. Mimi niliuliza: Mwenge wa Uhuru ulipopandishwa Kilimanjaro, Desemba 1961, Bibi alikuwa na mtoto gani mgongoni? Wakajibu kwa pamoja: shangazi yako, yule wa tatu. Tukarudi nyuma hadi ndoa, kisha hadi kipaimara, tukaandika "miaka ya 1930 mwanzoni". Inatosha. Usibuni tarehe ili ipendeze kwenye msalaba.

Sasa watoto. Nilikuwa nimeandika kumi. Usiku wa pili nikamsomea mdogo wake Bibi, akanisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Na yule wa kwanza, aliyelazwa kihambani, kwenye migomba ya nyumbani, hata jina hajapewa?" Jiko zima likanyamaza. Baba mkubwa, mzee wa miaka sitini na kitu, hakuwa anajua kwamba si yeye kifungua mimba. Nilimfuata peke yake nje, nikamwomba ruhusa kabla ya kuandika kumi na mmoja. Alikaa kimya, kisha akasema, "Mwandike. Mwanzo kabisa." Kwa hiyo usiulize "watoto wako wangapi?" Uliza "alizaa wangapi?", na umuulize aliyekuwepo.

Wajukuu, vitukuu na vilembwe usiwahesabie kwenye kundi la WhatsApp, mtagombana mpaka asubuhi. Piga simu kwa mtu mmoja wa kila nyumba, akutajie majina, uhesabu mwenyewe. Na waliozaliwa nje ya ndoa ni wajukuu vilevile. Hilo nilikataa kulijadili.

"Alikuwa mcheshi na mkarimu" futa. Kila marehemu ni mcheshi. Niliandika kwamba miaka ya 1980 mwanzoni, sukari ikiwa ya foleni, Bibi aliificha ndani ya debe la mahindi, sisi tukinywa chai ya chumvi, na mgeni akibisha hodi tu inatoka. Watu walicheka kaburini, wengine wakalia.

Ugonjwa upe sentensi moja. Mshereheshaji atakupa dakika tano, yaani ukurasa mmoja na nusu. Chapisha kwa herufi kubwa, maana macho yatakuwa na machozi, na nakala ya pili mpe binamu asiyelia ovyo asimame nyuma yako. Mimi nilifika kwenye sukari. Yeye ndiye aliyemalizia.