Kifua kikuu cha uti wa mgongo: kujiandaa kwa upasuaji na kumuuguza mgonjwa

Si kila mwenye kifua kikuu cha uti wa mgongo hupasuliwa, kwani wengi hupona kwa vidonge peke yake. Kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa, mwulizeni daktari upasuaji unalenga nini: kuukomboa ugwe mgongo (mshipa mkuu wa fahamu upitao ndani ya uti wa mgongo) uliobanwa hadi miguu ikalegea, kuzishikiza pingili (mifupa ya uti wa mgongo) zilizobomoka, kuzuia kibyongo kinachoongezeka, au kutoa jipu kubwa lisilonywea kwa dawa. Mkojo ukiziba au ukaanza kutoka wenyewe, au mgonjwa akifa ganzi sehemu za siri, msingoje tarehe ya kliniki. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, kwa maana ugwe ukibanwa muda mrefu huenda nguvu za miguu zisirudi.

Nendeni na picha zote za eksirei na MRI (kipimo cha sumaku kinachoonyesha ugwe na nyama laini) pamoja na dawa zote anazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda, na tafuteni mapema watu wa kuchangia damu. Ombeni pia usaha na vipande vya mfupa vitakavyotolewa vipelekwe maabara, kwa sababu bakteria wa aina nyingine, wakiwemo wa brusela wanaopatikana katika maziwa yasiyochemshwa, huharibu pingili kwa namna inayofanana na ya kifua kikuu, ilhali dawa zao ni tofauti.

Katika upasuaji, daktari huondoa usaha na mfupa uliokufa, huziba pengo kwa mfupa wa ubavu au wa nyonga, kisha hukaza pingili kwa skrubu na vyuma. Wengi huviogopa vyuma hivyo bure: vijidudu vya kifua kikuu havina tabia ya kung'ang'ania chuma kama bakteria wengine.

Kazi kubwa ya familia huanza wodini. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa takribani kila saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia. Mmoja hushika mabega, wa pili nyonga, wa tatu miguu, mto ukiwa katikati ya magoti. Mmoja huhesabu, na wote humgeuza kwa pamoja kama gogo, bila kuupinda mgongo. Muuguzi awaonyeshe kwanza.

Vidonge vya kifua kikuu huendelea kwa miezi 9 hadi 12 kwa kawaida, hata kidonda cha upasuaji kikifunga na mgonjwa akitembea. Rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa, jambo lisilo na madhara. Lakini macho yakiwa ya manjano, kidonda kikitoa usaha, homa ikipanda au miguu ikilegea upya, rudini hospitali mara moja.