Mguu Ukivimba Ukiwa Likizo Nairobi

Ukija Nairobi likizo, kidonda hakikosekani: ekzosi ya bodaboda imekuunguza shavu la mguu, au kiatu cha harusi kimekuchubua kisigino. Kioshe kwa maji yanayotiririka na sabuni, ukifunike, kisha ukumbuke mara ya mwisho ulichanjwa lini dhidi ya pepopunda. Dawa ya meno usipake, hata shangazi akisisitiza.

Kikianza kuvimba, chukua kalamu uchore mstari kuzunguka ukingo wa uvimbe, uandike na saa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo usiungojee. Gusa kwa mgongo wa mkono: kuna joto? Ngozi imekaza, inang'aa, au imegeuka zambarau? Uvimbe ukivuka mstari, au homa ikipanda, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Jipu halikamuliwi nyumbani, hasa la puani au mdomo wa juu. Likishajaa usaha linahitaji kupasuliwa na mhudumu wa afya. Vidonge peke yake mara nyingi havitoshi. Kununua antibiotiki nusu dozi kwenye duka la dawa mtaani, bila kupimwa, ni kujichelewesha tu.

Dharura kubwa ni hii: maumivu makali kuliko kidonda kinavyoonekana, malengelenge meusi, ngozi kufa ganzi, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Huenda maambukizi yanakula nyama ya ndani, na tiba yake ni upasuaji wa haraka. Usiseme utaenda kukikucha. Mwenye kisukari awahi hata kabla ya dalili hizo.

Na kama mguu mmoja tu umevimba baada ya safari ndefu ya ndege, wala hakuna kidonda, mwambie daktari kuhusu safari hiyo. Huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa, na usikubali mtu akukande.

Kenyatta, Nairobi Hospital, Aga Khan na M.P. Shah hupokea dharura usiku na mchana. Namba za msaada ni 999 na 112. Hospitali za binafsi huweza kudai amana kabla ya kulaza mgonjwa, kwa hiyo beba kadi ya benki na karatasi za bima ya safari, na M-Pesa iwe na kitu. Taja mapema kama penisilini hukudhuru. Ukiruhusiwa, omba maandishi yenye jina halisi la dawa na dozi yake, si jina la kibiashara, ili daktari wako wa huko aendelee nayo.